Madaktari Waliosomea Kwenye Foni

Daktari Zorobabel Kasonia alikuwa amepita miaka hamsini alipoanza kusoma upya, na kilichomsukuma hakikuwa kupenda vitabu. Kilikuwa hofu.

Hospitali yake ilikuwa juu ya kilima pembeni mwa Butembo, hospitali ndogo ya kanisa yenye mabati yaliyopauka na bustani ya kabichi nyuma ya jiko la wagonjwa. Daktari alikuwa yeye peke yake. Alikuwa amesomea Kisangani, enzi ambazo majarida ya udaktari yalifika kwa posta, yakichelewa lakini yakifika. Kisha posta ikafa. Kisha vita vikaja, vikasemekana vimekwisha, vikarudi na wakubwa wengine. Dawa nazo zilianza kufika katika maboksi yenye majina ambayo hakuwahi kuyasikia. Alikuwa akiligeuza boksi mikononi, mbele na nyuma, huku wauguzi wakingoja aseme kitu. Walidhani anasoma. Mara nyingine alikuwa anasali.

"Unaogopa nini?" mkewe, Agar, alimuuliza jioni moja wakila bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo.

"Naogopa pengine kuko kitu madokta bote ba dunia banajua, miye tu njo sijue."

"Mais, Baba Victoire," Agar alipinga, "batu banapona hapa."

"Bamoja. Na bale bengine? Nitajua je kama ni ugonjwa ulibaua, ao ni miye?"

Agar alimwongezea sombe.

Mwaka 2001 ikapangwa semina mjini Beni kwa madaktari wa eneo lote. Zorobabel alifurahi kama mwanafunzi. Alinyoosha shati, akamwachia hospitali muuguzi wake mkuu, Edmond, akakubaliana na dereva wa lori la maharage. Asubuhi ya safari habari zikaja kwamba bunduki zinalia upande wa Kabasha, pale barabara inapoteremka kuelekea Beni. Lori lililotangulia lilirudi bila kioo cha mbele, dereva akiwa amejishika bega. Semina ikaishia hapo.

Aliyekuwa afundishe ni Daktari Florentine Kanyere. Alikuwa amerudi kutoka Kampala, ambako alizama miaka miwili katika magonjwa ya wajawazito. Ndege ndogo ya misheni ilimshusha uwanja wa Mavivi pamoja na katoni za vitabu na dawa, na sasa alikuwa amekaa Beni na elimu yake yote bila mtu wa kumpa. Yeye ndiye aliyefikiria foni.

Foni ni redio ya kusema na kusikia. Karibu kila hospitali na kila misheni ilikuwa nayo, na wafanyabiashara wakubwa pia: waya uliotandazwa kati ya miti miwili, betri ya gari, na mtu wa kuita. Siri haikai kwenye foni. Anayesema Beni husikika Butembo, Lubero na Kirumba, na kwa yeyote mwingine aliyefungua mashine yake. Kwa Zorobabel foni ilikaa katika chumba kilichopakana na stoo ya dawa, chini ya uangalizi wa dada mmoja aitwaye Débora, ambaye sauti yake ilipenya hata mvua ikipiga mabati.

Basi siku ya posho, ndiyo Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, sauti ya mwanamke ikatoka Beni: "Madokta ba Butembo, ba Lubero, ba Kirumba, munanisikia? À vous." Kwenye foni, À vous ni kumwachia mwenzako zamu ya kusema.

Zorobabel aliketi mbele ya mashine. Hakuwahi kumwona Florentine. Sauti ilikuwa ya mtu ambaye angeweza kuwa binti yake, na aliogopa jambo moja tu, kwamba atamuuliza swali huku wote wakisikia. Ndilo lililotokea.

"Dokta wa Butembo. Mama mwenye mimba anaanguka kifafa mbele yako. Unamupa nini? À vous."

"Valium," alijibu. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo alivyofanya miaka yote.

"Aksanti. Hata miye nilikuwa nafanya vile. Sasa tusikilizane."

Akaeleza, bila kumdharau mtu, kwamba kuna dawa nyingine, sulfate ya magnesium, na kwamba wanawake maelfu walikuwa wamefuatiliwa katika nchi nyingi, na waliopewa dawa hiyo walianguka mara chache zaidi kuliko waliopewa Valium. Habari hiyo ilikuwa imetoka miaka sita iliyopita.

Somo lilipokwisha, Zorobabel alitoka akaenda kusimama katikati ya kabichi. Edmond alimkuta hapo, mikono imening'inia, akamuuliza kama anaumwa. Alisema hapana. Majina ya wanawake yalikuwa yanampitia kichwani, moja baada ya jingine, na mengine alikuwa ameyasahau, na hayo ndiyo yaliyomtesa zaidi.

Tangu siku hiyo hakukosa posho hata moja. Florentine alipata watu wa pikipiki waliojua njia za nyuma, akapeleka ampule chache za dawa hiyo kila hospitali. Wiki iliyofuata akafundisha namna ya kuitoa. Ni dawa ya kuheshimu, alisema, kwa sababu ikizidi inasimamisha pumzi. Alitumia Kifaransa, kama madaktari wote walivyofanya wakizungumza kazi. Kipimo cha kwanza, kile kikubwa, Wafaransa wanakiita *dose d'attaque*, kipimo cha shambulio. Gramu nne kwenye mshipa, kisha kumi kwenye nyama, tano kushoto, tano kulia. Zorobabel alirudia kila neno kwa sauti, akamaliza kwa kusema, "Bien reçu," yaani nimepokea vizuri.

Jumatatu asubuhi, akiwa anapita kitanda kwa kitanda, askari wawili waliingia wodini.

"Munganga, Komanda anakuita."

"Nimalize kwanza huyu mugonjwa."

"Anakuita sasa."

Aliomba avue koti jeupe. Wakasema aende nalo hivyohivyo. Edmond aliwafuata mpaka getini akiuliza wanampeleka wapi, na hakuna aliyemgeukia.

Komanda, mkubwa wa askari walioshika Butembo, alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ndogo, na sauti ile ndogo ndiyo iliyomtisha Zorobabel. Mezani pake palikuwa na foni, aina ileile ya hospitali.

"Siku ya posho," Komanda alisema, "mwanamuke wa Beni alitaja attaque. Kweli ao bongo?"

"Ni kweli, Komanda, mais..."

"Alisema ine, kisha kumi. Tano kushoto, tano kulia. Kweli ao bongo?"

"Kweli."

"Na weye ulijibu nini?"

"Nilijibu, bien reçu."

"Donc ulipokea. Sasa uniambie. Attaque ni ya siku gani? Na ile kushoto, ni kushoto ya nini? Ya barabara? Ya muto?"

"Ni ya matako, Komanda."

Komanda aliinamisha kichwa, kama mtu aliyesikia vibaya.

"Ni shindano," Zorobabel aliendelea haraka, akiigiza mtu anayechoma sindano. "Shindano ya mama mwenye mimba. Dawa ni mingi, haiwezi kuingia fasi moja. Nusu tunaweka tako la kushoto, nusu la kulia."

Askari aliyesimama mlangoni alipasuka kicheko. Komanda hakucheka. "Kanga munoko," alimwambia askari yule, ambaye alifunga kinywa palepale, kisha akamgeukia tena daktari. "Wapelelezi bote niliofunga balikuwa na jibu ya muzuri kuliko hii. Utabakia hapa. Siku ya posho tutasikia pamoja. Kama ni madawa, nitasikia madawa. Kama ni kitu ingine, hautarudi ku kilima yako."

Walimfungia katika stoo iliyowahi kuwa ya kahawa. Harufu ya kahawa ilikuwa bado kwenye ukuta. Agar aliruhusiwa kumletea chakula, na kila alipokuja alisimama nje ya dirisha lenye vyuma akijikaza asilie mbele ya askari. Alisema Edmond anajitahidi, mkono mmoja uliovunjika umefungwa, na mtoto mmoja wa kuhara amefariki.

"Angekufa hata kama ungalikuwa kule," Agar aliongeza.

"Haujui vile."

"Edmond njo alisema." Kisha akashusha sauti. "Débora anauliza, amuite mama wa Beni mu foni, amuambie aangalie maneno yake?"

"Hapana!" Zorobabel alishika vyuma vya dirisha. "Basoda ba Komanda banasikia yote. Bakisikia tunamuonya, njo tumekwisha. Asiseme kitu. Mutu yeyote asiseme kitu."

Hapo ndipo hofu ilipomkaa vizuri. Florentine alikuwa na desturi ya kuanza somo kwa kueleza hali ya Beni: wodi imejaa, majeruhi wamefika kutoka upande fulani, damu imekwisha. Kwa madaktari hayo yalikuwa maongezi tu. Kwa Komanda yangekuwa habari za vita, zinazopelekwa mji kwa mji mchana kweupe. Na hapakuwa na njia yoyote ya kumzuia asiseme. Zorobabel alijaribu kujishughulisha kwa kurudia somo moyoni, gramu na mililita, lakini kila alipofika katikati alijikuta anasikiliza hatua za watu nje.

Siku ya posho mvua ilianza kabla ya adhuhuri. Walimketisha kando ya Komanda, mashine ikikoroma kati yao. Saa ya somo ilipofika, sauti ya Florentine ikatoka kwa mbali, imekatikakatika.

"...munanisikia? Wiki hii Beni tumejaa sana, jana tulipokea batu..."

Mkoromo ukaimeza. Komanda aliinama mbele, sikio karibu kabisa na spika. Zorobabel alifumba macho.

Sauti nyingine ikapasua, ya karibu, ya wazi. "Urgence! Urgence! Ni Kirumba. Ni Manassé."

Manassé alikuwa daktari wa hospitali moja Kirumba, kusini mwa Butembo, kijana aliyemaliza masomo muda si mrefu. Alikuwa anapumua kama mtu aliyekimbia. Alisema ana mama wa mimba ya kwanza, ameanguka kifafa tangu asubuhi, anatulia kidogo kisha anaanguka tena, na msukumo wa damu uko juu sana. Dawa ya Florentine anayo. Lakini siku ya somo betri yake ilikuwa imekufa, hakusikia neno.

"Beni, unanisikia? Niitoe namna gani? À vous."

Florentine alijibu, na Butembo ilipata vipande vya sauti yake. Kirumba haikupata chochote. Manassé aliita tena, na tena. Mara ya mwisho hakumtaja mtu. "Kuko mutu ananisikia?"

Zorobabel alimtazama Komanda. "Acha nimujibu."

"Kwa nini weye?"

"Sababu miye njo nilisikia lile somo. Beni haifiki kwake. Komanda, ule mama anakufa."

Komanda alisukuma kipaza sauti upande wake, lakini mkono hakuuondoa. "Utasema Kiswahili. Kila neno nilielewe. Nikisikia tena attaque, nazima."

Zorobabel akabonyeza. "Manassé, ni Zorobabel wa Butembo. Nakusikia muzuri. Shika ampule, usome. Imeandikwa asilimia hamsini?"

"Ndiyo. Hamsini."

"Bon. Vuta mililita nane. Uongeze maji ya shindano mpaka ishirini. Ile njo dawa ya kwanza, ile kubwa. Ingiza mu mushipa polepole. Polepole sana, ule mama asisikie moto mu mwili. Ukiharakisha utamuua. Umesikia?"

"Nane, maji mpaka ishirini, polepole."

"Ukimaliza, ampule moja nzima tako la kushoto, ingine moja tako la kulia. Ndani sana, mu nyama. Kisha umugonge goti na kidole. Muguu ukiruka, ni muzuri. Ukiacha kuruka, hapana kuongeza kitu. Na uangalie pumzi. Usitoke pale kitandani."

"Nimesikia. Naenda."

Mashine ikabaki inakoroma. Zorobabel alifuta jasho kwa ukosi wa koti lake, ambalo sasa halikuwa tena jeupe. Alikuwa amesema kama mtu aliyefanya jambo hilo mara mia, na mikono yake haikuwahi kulifanya hata mara moja. Alikuwa amelisikia tu, kwenye foni, kupitia mkoromo. Je, kama alisikia vibaya? Alirudia hesabu kichwani. Nane. Ishirini. Akairudia tena, na safari hii nane haikuonekana sawa, kisha ikaonekana sawa.

"Juu ya nini amenyamaza?" Komanda aliuliza.

"Anaingiza dawa. Nilimuambia polepole."

"Na kama ule mama anakufa?"

"Basi ni miye nilimuambia vile."

Komanda alikuwa ameacha kuandama maneno. Alikuwa anaitazama mashine kama wengine. Askari wa mlangoni alikuwa amesogea hadi katikati ya chumba bila mtu kumwita.

Ilichukua muda ambao Zorobabel baadaye hakuweza kuukadiria. Kisha sauti ya Manassé ikarudi, chini, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Butembo. Ametulia. Hajaanguka tena. Nimegonga goti. Muguu unaruka."

"Anapumua?"

"Anapumua muzuri."

"Sasa ni kumuzalisha. Usichelewe."

Komanda alizima mashine. Alikaa kidogo akichezea kofia yake, kisha akauliza kitu ambacho Zorobabel hakukitazamia. "Kiswahili mulikuwa munakijua. Kumbe juu ya nini mulikuwa munajificha mu Kifaransa?"

"Hatukujificha, Komanda. Njo namna tulifundishwa."

"Kuanzia leo mutasema hivi. Kila posho, Kiswahili tupu, na muaskari wangu atakaa pale ndani asikie. Na hapana habari ya majeruhi, hapana kusema nani ametoka wapi. Madawa tu. Siku mutakosa, nitakuja miye mwenyewe."

Alimwachia jioni ile. Zorobabel alipanda kilima kwa miguu, na Agar, aliyemwona kutoka mbali, alikimbia kushuka akiwa na mikono yenye unga. Kesho yake Manassé aliita. Mtoto alikuwa ameshafia tumboni. Mama alikuwa hai, ameamka, anauliza maji.

Basi masomo yakawa ya Kiswahili. Ilikuwa kazi. Madaktari walikwama kila sentensi ya pili, wakitafuta namna ya kusema mambo ambayo tangu chuoni waliyasema kwa Kifaransa tu. *Dose d'attaque* ikawa "dawa ya kwanza, ile kubwa". Daktari mmoja wa Lubero alisema hawezi kufundishwa kwa maneno ya sokoni, akafunga mashine yake. Lakini wiki baada ya wiki sauti mpya zilianza kuita baada ya somo: wauguzi wa vituo vidogo, watu waliokuwa wanasikia zamani bila kufuata, ambao sasa walifuata na kuuliza. Askari aliyetumwa na Komanda alikaa kila posho karibu na mlango, bunduki magotini. Zorobabel hakumzoea kamwe. Kila alipofungua kinywa alilipima neno mara mbili, na somo lilipokwisha shati lake lilikuwa limelowa mgongoni.

Mwishoni mwa mwaka 2002 vita viliwaka kaskazini, upande wa Ituri. Watu wakamiminika Eringeti na kushuka mpaka Beni, na godoro kichwani, na kuku ndani ya kikapu. Florentine alikwenda Eringeti kuwasaidia wajawazito miongoni mwao. Siku ya posho iliyofuata, Débora aliita Beni, akaita tena. Aliyejibu alisema Eringeti haisikiki, na kwamba Dokta Florentine hajarudi.

Watu wote wa foni walikuwa wanangoja. Débora alimtazama Zorobabel, na Zorobabel akaelewa kwamba somo la leo ni lake.

Alichagua malaria kali ya watoto, kitu alichokiona kila siku. Akaeleza kinini kwenye serumu, maji ya kutiririsha mshipani: dawa ya kwanza, ile kubwa, kisha nusu yake kila baada ya saa nane. Alisema vizuri. Aliulizwa maswali, akajibu. Alitoka chumbani akiwa na furaha ndogo, lakini akaionea haya kwa sababu Florentine hakujulikana alipo.

Florentine alifika Butembo kabla wiki haijakwisha, nyuma ya pikipiki, kilemba kimejaa vumbi jekundu. Zorobabel alimtambua alipofungua kinywa. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, na mguu mmoja umefungwa kitambaa. Agar alimletea maji ya kunawa na chai. Alikunywa chai yote kabla ya kusema chochote.

"Papa Zorobabel, nilisikia somo lako. Kuko wapadri walikuwa na foni pale tulijificha. Kusikia tuliweza, kusema hapana."

"Na?"

"Ilikuwa muzuri. Mais ulisahau kitu." Aliweka kikombe chini. "Hukusema kwamba mutoto aliyekwisha kupata kinini jana ao leo, ile dawa kubwa ya kwanza hapana kumupa. Ile itakuwa mara mbili."

Zorobabel akaketi. Alijua jambo hilo. Alilijua kabisa, hospitalini hakulisahau kamwe. Lakini huko vituoni kila mtoto aliyeletwa alikuwa ameshapewa kinini fulani njiani, na mama, na jirani, na duka la dawa.

"Débora!" aliita. "Fungua foni."

"Dokta, leo si posho. Komanda..."

"Fungua."

Askari hakuwepo, na hakuna aliyejua Komanda atalichukuliaje. Zorobabel alishika kipaza sauti akasema jina lake, akasema kwamba siku ya posho alifundisha vibaya, akataja kosa mara tatu kwa maneno ya wazi. Kisha akaomba kila kituo kiseme kama kuna mtoto aliyepewa dawa kwa namna ile.

Waliosikia wakajibu, mmoja mmoja. Hapana. Hapana. Kwetu hatukupata mgonjwa. Kirumba, hapana. Florentine alisimama nyuma yake, mkono juu ya mgongo wa kiti.

Kisha sauti ya mwanamke, ndogo: "Hapa ni Maboya. Ni Bénite, muuguzi. Miye nilimupa mumoja."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Alilegea, tukamupa maji ya sukari. Sasa anakula. Mais nikimuita hanigeukii."

Asubuhi Zorobabel alipanda pikipiki kwenda Maboya. Agar alimsihi asiende, maana ile ilikuwa barabara ya Beni, na vizuizi vilikuwa vimeongezeka. Florentine alitaka kwenda badala yake, akakataa. Alipita vizuizi viwili akieleza kila mara kwamba yeye ni munganga, anaenda kuona mtoto, na katika cha pili walimweka chini juani kwa muda mrefu kabla ya kumwambia apite.

Bénite alikuwa msichana aliyevaa blauzi ya bluu, macho yamevimba kwa kulia. Alidhani amekuja kumgombeza. "Dokta, nilifanya vile mulisema," alianza.

"Ulifanya vile nilisema," Zorobabel alikubali. "Weye haukukosa kitu. Ni miye nilikosa."

Mtoto, msichana mwenye nywele zilizosukwa upya, alikuwa ameketi kwenye mkeka anamenya ndizi. Zorobabel alimpima sukari, akasikiliza moyo. Kisha akaenda nyuma yake akapiga makofi. Mtoto hakugeuka. Mama yake alishika mdomo. Zorobabel alisogea karibu, akapiga tena kwa nguvu, na mtoto akainua kichwa, akatazama upande usio wenyewe.

"Anasikia kidogo," alimwambia mama. "Kinini ikizidi inafanya vile. Mara mingi masikio inarudi. Siwezi kukuapia."

Alilala Maboya siku ile na iliyofuata. Asubuhi ya tatu mama aliita kutoka jikoni, na mtoto akanyanyuka kwenda. Zorobabel aliomba aite tena, kwa sauti ya kawaida. Aliita. Mtoto akarudisha jibu kwa Kinande, kwa ukali, kama watoto wanavyojibu wakisumbuliwa.

Komanda hakuwahi kuja kuuliza juu ya foni iliyofunguliwa bila ruhusa. Muda si mrefu baadaye alihamishwa, na askari wake hakurudi tena mlangoni. Lakini masomo hayakurudi kwenye Kifaransa. Zorobabel aliweka kanuni moja aliyoishikilia hata barabara ilipofunguka na semina za kweli zikaanza kufanyika Beni, za viti na chakula cha mchana: kila anayefundisha, mwingine lazima ahojiane naye mbele ya wote, atafute alichosahau. Kwa miaka mingi aliyemhoji Zorobabel alikuwa Florentine, na hakumwonea huruma. Wauguzi wa Maboya walikuja pia. Bénite alikuwa akikaa safu ya mbele, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua mkono.